Chumba cha Nne Kinapumua

Mahindi hayaogi. Hilo ndilo wazo la kwanza lililomjia Nyemo asubuhi ile, alipofungua simu akakuta mstari wa unyevu wa chumba cha nne umenyanyuka kama nundu ya ng'ombe, umeshuka, umenyanyuka tena. Jana yake ulikuwa hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo. Asubuhi nundu, jioni nundu, yaani kama vile humo ndani kuna mtu anapelekewa maji ya kuoga.

Akacheka peke yake, maana wazo lenyewe lilikuwa la kijinga. Kihenge cha mji wa Mlazo Mpya kimechimbiwa chini ya kilima, vyumba sita vya zege vyenye milango ya chuma, na ndani hamna kitu zaidi ya magunia yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Mvua zimegoma mwaka wa nne huu. Juu ya ardhi jua limekuwa kali kiasi kwamba kila mchana kinalia king'ora, na kikishalia, anayebaki nje ni mbuzi tu, na mbuzi mwenyewe anatafuta ukuta. Lakini kule chini kuna ubaridi mtamu na ukavu, na huo ukavu ndio unaoulisha mji mzima.

Anayeulinda ukavu huo ni mashine, watu wanaiita Mtunza. Mtunza hana macho. Anachokijua ni kile tu anachoambiwa na vihisi vilivyotundikwa vyumbani: joto ni kiasi gani, unyevu ni kiasi gani. Unyevu wa chumba ukivuka asilimia sabini na ukang'ang'ania hapo, Mtunza anafanya kile ambacho watu wanakiita kufunga pumzi. Milango inajibana, hewa yote inanyonywa, inaingizwa hewa kavu isiyo na oksijeni, na chochote chenye uhai humo ndani, awe fukusi, awe panya, uwe ukungu, kinakufa. Ni ukatili, ila hakuna anayelalamika. Mlazo Mpya wanaukumbuka mwaka wa sumukuvu. Mahindi yaliota vumbi la kijani, watu wakala hivyo hivyo kwa njaa, macho yakawageuka manjano. Baba yake Nyemo alikuwa mmoja wao. Alianza kwa kukataa ugali, akamaliza kwa kumkataa hata mwanawe, hakumtambua tena.

Shida ikaja baadaye: vihisi vya kiwandani vikaanza kufa kimoja kimoja, na waliovitengeneza walishafunga virago zamani. Chumba kikipoteza kihisi, Mtunza anakuwa kipofu wa chumba hicho. Na hapo ndipo Nyemo aliporudi kutoka chuoni na cheti cha elektroniki, mdomo usiofunga, na begi ambalo mama yake aliliita begi la takataka.

Humo kwenye takataka ndimo alimotoa kihisi chake. Alipasua taa moja iliyoungua, zile taa zilizokuwa zikiwashwa kwa simu, akachomoa ubongo wake wa WiFi, kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Akakitafutia kihisi cheupe chenye matundu matundu kama kichungio cha chai, akakiunganisha kwa nyaya tatu, moja ya umeme, moja ya kurudisha, moja ya kusemea. Akalehemu kwa risasi, akaungua vidole, akalehemu tena. Vyote akavitia kwenye kopo la siagi alilolitoboa kwa msumari wa moto. Mara ya kwanza kikasoma joto la uongo, kwa sababu kile kidude cha WiFi chenyewe kinapata moto kikifanya kazi, na kihisi kilikuwa kimekiegemea kama mgonjwa kwenye bega la mwenzake. Akakitoa nje ya kopo kwa waya mrefu. Kikatulia.

Watu walipouliza utajuaje kama kinasema kweli, akachukua chumvi ya mezani, akailowesha kidogo ikawa kama uji mzito, akaifungia kwenye ndoo ndogo pamoja na kihisi. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi, akawaeleza, lazima itulie kwenye asilimia sabini na tano, iwe ni Mlazo au ni mwezini. Wakasubiri mpaka jioni. Sabini na tano. Wamama wakapiga vigelegele kwa ajili ya ndoo ya chumvi, na Nyemo akajiona ana mabawa. Wiki ile ile akawafundisha wasichana watano jinsi ya kujitengenezea vya kwao vya majumbani.

Ila Mtunza hapokei kihisi cha mtaani hivi hivi. Kinahitaji mdhamini. Mdhamini anasimama ofisini, anaweka kiganja kwenye kioo, anatamka kwa sauti mbele ya kamati kwamba kihisi hiki kinasema kweli, na kikidanganya, nimedanganya mimi. Nyemo alitamka haraka haraka, kama mtu anayekimbilia kwenye picha ya harusi. Alipewa chumba cha nne.

Na sasa chumba cha nne kilikuwa kinaoga.

*

Mlinzi wa mlango wa kihenge ni Masinga, kijana mpole, mume wa Sechelela, yule rafiki ambaye Nyemo alikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Nyemo alipomwambia anashuka kuangalia betri ya kihisi, Masinga alisema betri inaweza kusubiri. Akasema tena kwamba ngazi zimefagiwa sasa hivi, kuna vumbi. Akasema ufunguo unasumbua. Mtu mwenye sababu moja anaitoa na kunyamaza. Huyu alikuwa na tatu, na jasho. Nyemo akauchukua ufunguo mkononi mwake, ukafungua kwa mara moja.

Kabla hajaona chochote alisikia harufu. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Mafuta ya nazi. Maziwa.

Nyuma ya ukuta wa magunia kulikuwa na mkeka, na kwenye mkeka Sechelela amekaa, kanga imemfika kiunoni, mgongo unang'aa. Mama yake amepiga magoti nyuma yake, kitaulo mkononi, beseni pembeni linafuka mvuke kama chungu cha maharage. Jiko la koili lilikuwa limechomekwa kwenye umeme wa feni. Mama Seche alikuwa akichovya kitaulo, anakikamua, anakibandika kiunoni kwa bintiye, anakandamiza kwa uzito wote wa mwili, na kila akikandamiza Sechelela anauma meno. Juu yao, kutoka gunia hadi gunia, ilipita kamba, na kwenye kamba nepi zimepangwa kama bendera za sikukuu.

Mtoto alikuwa kwenye karai lililotandikwa vitenge. Mdogo mno. Alikuwa na sura ya mzee aliyechoshwa na mkutano.

"Shikamoo, Mama," Nyemo akasema, kwa sababu hata ukimkuta mtu mahali pasipowezekana, salamu ni salamu.

"Marahaba. Funga huo mlango, upepo usimpige mzazi."

Habari ikatoka vipande vipande, mmoja akiianza, mwingine akiimalizia. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Nesi wa zahanati alisema njiti asikae kwenye joto hata kidogo, kisha akaangalia chini, kwa sababu zahanati yenyewe ni ya bati kama nyumba zote. Mtoto wa kwanza wa Sechelela alizaliwa msimu kama huu. Walimpepea kwa zamu, walimlaza kwenye kanga mbichi, na bado siku moja mchana, king'ora kikiwa kinalia, alinyamaza. Safari hii Masinga hakutaka kusubiri king'ora kimlilie mwingine. Alifungua chumba ambacho zamu yake ya kuliwa bado iko mbali, na humo wangekaa mpaka arobaini itimie.

"Usinitazame hivyo," Sechelela akasema. "Siku ya msiba hukunitazama hivyo, ulinishika mkono."

Nyemo akasema hamtazami vyovyote. Alikuwa anatazama nepi. Mama Seche akaliona jicho lake, akajisifu kwamba chumba hiki kina baraka, nguo unaianika, ukigeuka imekauka, wala haiachi harufu.

"Haikauki, Mama," Nyemo akasema. "Maji yanahama. Yameingia kwenye mahindi."

Nyemo akaanza kueleza, na akianza kueleza hakuwa na breki: kwamba punje kavu inakunywa unyevu wa hewa kama sifongo, kwamba mvuke wa beseni na maji ya nepi na pumzi zao wenyewe vyote vinaishia kwenye magunia, kwamba gunia likishalowa ndani kwa ndani halionyeshi, linaanza tu kupata joto lake lenyewe. Akawaomba, kama ni lazima kukaa, basi waache maji ya moto. Mama Seche alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akachovya kitaulo.

"Mwanangu, wewe umesomea waya. Tumbo la mzazi umelisomea wapi?"

Akamwambia kwamba mwanamke asiyekandwa tumbo linabaki na damu chafu, mgongo unamwandama mpaka uzeeni, na kwamba yeye alikandwa, mama yake alikandwa, na hata wakati wa njaa kubwa, watu wakichemsha mizizi, maji ya mzazi yalipatikana. Wala hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kurudi nyumbani.

Simu ya Nyemo ikatetemeka mfukoni. Alijua ni nani kabla ya kuitoa.

CHUMBA CHA NNE KIMEVUKA. MDHAMINI, THIBITISHA AU KANUSHA. USIPOJIBU KABLA YA JUA KUZAMA, NITAFUNGA PUMZI.

Aliisoma kimoyomoyo. Sechelela akauliza ni nini. Nyemo akajibu kuwa ni mama yake, anauliza kama atachelewa.

*

Alikanusha. Alifanya hivyo akiwa amesimama kwenye ngazi, kati ya ubaridi na joto, na ilikuwa rahisi kiasi kwamba ilimtisha. Mtunza akauliza sababu. Akaandika: hitilafu ya kihisi. Mtunza akampa muda wa kurekebisha.

Nyumbani alifungua kompyuta yake akaingia kwenye kihisi kwa WiFi, kama alivyozoea kuingia kukisalimia tu, kuona kimeamkaje. Programu yenyewe aliijua kwa moyo. Amka, soma joto, soma unyevu, tuma, lala. Kati ya soma na tuma akaongeza mstari mmoja: punguza kumi na tano. Akaona mstari wa unyevu unashuka kwenye skrini, unalala chini ya sabini, mpole kama mtoto aliyeshiba. Akaweka vidole mdomoni. Alikuwa amekipa kihisi sauti, na sasa amekifundisha kudanganya kwa sauti hiyo hiyo, na jina lililokuwa chini yake lilikuwa lake.

Alijiambia ni kwa siku chache. Mtoto apate nguvu kidogo, mashavu yajae, basi. Alijiambia pia kwamba ataenda kila siku kuwasihi, na kweli alikwenda. Mara moja Mama Seche alikubali kupunguza maji. Mara nyingine Nyemo alikuta nepi zimehamishwa upande wa pili, eti ili zisiguse mahindi. Sechelela alikuwa akimpa mtoto ambebe, na Nyemo akimbeba tu anasahau alichokuja kusema. Mtoto alikuwa na uzito wa mkate. Akilala alikunja ngumi, kama ameshika kitu ambacho hataki waone.

Huku juu, mji ulikuwa umemvimbisha kichwa. Watu walikuwa wakipita dirisha la mgao wa mahindi wanaitazama skrini ya vyumba na kusomeana namba, wazee kwa vijana, kama watu wanaosoma matokeo ya mpira. Chumba cha nne ndicho kilikuwa kinashuka vizuri kuliko vyote. Wasichana watano aliowafundisha walikuwa wakimwita Mwalimu. Nyemo alikuwa anatabasamu, anajibu, anaondoka haraka. Nyumbani alikuwa anaiacha sahani nusu. Mama yake alimuuliza kama ana mchumba.

Siku moja alipoinama kubadilisha betri, aliingiza mkono kwenye gunia la chini kabisa. Lilikuwa na uvuguvugu, kama tumbo la mnyama. Akatoa ngumi ya punje, akazisogeza kwenye mwanga wa simu. Kwenye vichwa vya punje, pale zilipong'olewa kwenye gunzi, kulikuwa na vumbi laini la kijani.

Alikaa chini sakafuni. Nyuma ya magunia Sechelela alikuwa akimwimbia mtoto kitu kisicho na maneno.

Hata hapo, jamani, alinyamaza. Alipanda ngazi akiwa amezifungia punje kwenye leso, akijiambia atasema kesho. Na huenda angesema kesho mpaka mwaka uishe, kama asingemkuta Mwenyekiti Lungwa anamsubiri pale juu, mzee mrefu mwenye kofia ya nyasi, pamoja na Mama Lemanya anayepika uji wa shule.

Mwenyekiti alikuwa na furaha ya kipekee. Alisema kamati imekaa na kuangalia namba za vyumba vyote, na chumba kikavu kuliko vyote ni cha nne, kwa hiyo wameamua kisisubiri zamu yake. Watakifungua wiki hii kwa ajili ya watoto. Walikuwa wamelipunguza bakuli la uji msimu mzima kwa woga wa mahindi mabovu; sasa wanaweza kulijaza tena.

"Wanangu wawili walikwenda mwaka ule wa sumukuvu," akasema. "Unajua. Sijawahi kumpa mtoto wa mtu uji bila mkono kutetemeka. Namba zako, binti, ndizo zimenipa moyo."

Mama Lemanya akaongeza kwamba ameshasugua lile sufuria kubwa.

*

Nyemo aliwaacha wamesimama. Alishuka tena, mbio, kwanza kwa Sechelela, kwa sababu alifikiri kama lazima mtu asikie kabla ya wengine basi ni yeye. Akafungua leso kwenye mkeka.

Mama Seche ndiye aliyeinama. Akachukua punje moja, akaigeuza, akainusa. Alikuwa na kitaulo begani, mikono bado ina mafuta. Akakaa kitako taratibu, akapangusa mikono yake kwenye kanga, akapangusa tena, kidole kwa kidole. Alikuwa amewazika watu mwaka ule na yeye. Aliwaosha kwa mikono hiyo hiyo.

"Ni maji yangu haya?" akauliza.

Nyemo akasema ni maji yao, na ni kunyamaza kwake yeye, na akaeleza ule mstari wa kumi na tano, na uji wa shule. Sechelela alisikiliza akiwa amemkumbatia mtoto. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Nikitoka naenda wapi, Nyemo? Niambie mahali. Nitanyanyuka sasa hivi. Niambie tu ni wapi."

Na hapo ndipo Nyemo alipokumbuka ubaridi mwingine. Alikuwa ameuhisi siku ile ya kiganja na kioo. Ofisini kwa kamati, nyuma ya mlango wa vioo, kuna chumba anachokaa Mtunza mwenyewe, makabati yake yanayowaka taa ndogo za bluu, na kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, kwa sababu mashine ikipata joto inaharibika. Mji mzima ulikuwa ukipita nje ya vioo vile ukipangusa jasho, na hakuna hata mtu mmoja, hata yeye msomi wa vyuo, aliyewahi kufikiria kwamba mle ndani anaweza kulala mtoto.

King'ora cha mchana kilikuwa kinalia walipopanda. Masinga alikwenda mbele amebeba karai, Nyemo amembeba mtoto aliyefunikwa kanga mbichi, Mama Seche amemshika bintiye kiuno. Walikuwa wanatembea karibu na kuta. Watu waliwaona kupitia madirisha, na hakuna aliyetoka kuuliza, jua lilikuwa limekataza.

Mwenyekiti Lungwa aliinua kichwa mezani. Nyemo aliweka leso mbele yake, akaifungua, na akasema yote kwa mpangilio, bila kupamba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Alisema kihisi ni kizima na yeye ndiye aliyekidanganyisha. Alisema chumba cha nne kisifunguliwe kwa ajili ya mtoto yeyote. Alisema anajua anastahili nini, lakini kabla ya hayo, huyu mtoto aingie mle kwenye vioo.

Mzee alikuwa anazitazama punje. Akazifunika kwa leso, pembe kwa pembe.

"Mle haingii mtu," akasema mwishowe. "Hata mimi siingii. Mkileta mvuke mle, Mtunza anakufa, na vyumba vyote sita vinakuwa vipofu. Tutakufa wote kwa mpigo."

"Hakutakuwa na mvuke," Mama Seche akasema.

Mzee akamgeukia, akamuuliza kwa heshima kama anajua anachokiahidi, maana na yeye ana wake waliozaa, anajua arobaini ni nini.

"Nitamkanda kwa mikono mikavu," Mama Seche akasema. "Kwa mafuta tu. Nguo nitazifulia nje. Mama yangu ataniuliza huko aliko, nitamjibu mwenyewe."

Mwenyekiti alinyanyuka. Alichukua muda mrefu kuupata ufunguo wa mlango wa vioo, kwenye kishada ambacho alikuwa anakishika kila siku. Ubaridi ulipotoka ukawapiga usoni, mtoto akafumbua macho, akayafumba.

Kisha akamwamuru Nyemo aufute ule mstari. Palepale, mbele yake. Nyemo akafuta. Kwenye skrini mstari wa chumba cha nne ukaruka juu kama mtu aliyechomwa sindano, na Mtunza akauliza, kwa herufi zile zile zisizo na hasira. Mwenyekiti akamtuma Masinga ashuke ahakikishe hakuna hata panya aliyebaki mwenye jina. Masinga aliporudi, Nyemo akathibitisha. Chini ya miguu yao mlango wa chuma ukajibana, halafu ikaja sauti ndefu ya kunyonya, kama kilima kinavuta pumzi na kuamua kutoitoa.

Ukungu ungekufa humo, vyumba vya jirani vingepona. Lakini sumu ikishaingia kwenye punje haiondoki na ukungu wake. Mahindi yote ya chumba cha nne yangefukiwa shimoni pamoja na majivu. Mwenyekiti alilisema hilo mwenyewe, taratibu, kama anayejisomea. Halafu akamwambia Nyemo aweke kiganja kwenye kioo. Mtunza akalifuta jina lake kwenye udhamini, na kioo kikawa kioo tu.

"Kosa la kihisi ningelisamehe," mzee akasema. "Kesho mgao unapungua kwa kila nyumba. Mimi sitatoa tangazo. Utakaa dirishani wewe, utachota wewe, na utamwambia kila mtu kwa mdomo wako kwa nini."

*

Foleni ilianza kabla jua halijapanda vizuri. Nyemo alikuwa amekaa dirishani na kipimo kipya, kifupi kuliko kile cha zamani, na kila aliyefika mbele alimwambia. Mzee mmoja alimtukana mpaka akaishiwa, akapokea chake, akaondoka. Msichana mmoja kati ya wale watano alilia bila kusema chochote. Alikuwa ameanza kuvitundika vihisi vyake mwenyewe kwenye vihenge vya majirani. Sasa watu walikuwa wamemwambia avitoe. Wengine walikuwa wanamkatiza, wameshasikia, wanataka tu kuona anavyosema. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ili foleni yote isikie, kwamba yeye ana watoto wanne na hakuna aliyewahi kuwatafutia kiyoyozi.

Mama Lemanya alifika na lile sufuria kubwa la shule. Alilisimamisha kwenye ukuta wa dirisha. Nyemo akaanza kusema maneno yake, mama akainua mkono.

"Mtoto mzima?"

"Mzima, mama. Ameanza kunyonya vizuri."

"Wa kike, wa kiume?"

"Wa kike."

Mama Lemanya akaitikia kwa kichwa. Alimtazama Nyemo muda mrefu, si kwa hasira, na Nyemo akatamani ingekuwa hasira.

"Tungekubali," akasema. "Ungekuja ukatuambia, tungebishana siku nzima, tungetukanana na ya zamani yote tungeyafukua. Halafu tungekubali. Mle kwenye vioo angelala tangu siku ya kwanza, na mahindi yetu tungekuwa nayo. Ila hukutuuliza."

Akalisogeza sufuria karibu. Nyemo akachota, akasawazisha juu ya kipimo kwa kiganja, akamimina. Mahindi yalifunika sakafu ya sufuria tu, na sauti yake ilikuwa kubwa kwa sababu sufuria lilikuwa tupu. Mama Lemanya akalibeba kichwani, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu chepesi kuliko alivyozoea.

Aliyefuata alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Nyemo akainua kipimo.

"Shikamoo, mama," akasema. "Kipimo kimepungua leo, na aliyekipunguza ni mimi."